Kopo Namba Tatu

Mke mwenzangu anaishi kwenye ndoo ya rangi ya lita ishirini, iliyotobolewa matundu sita chini asije akaoza miguu. Asubuhi anamwagiliwa maji kabla mimi sijaulizwa nimeamkaje. Jani lake moja likinyauka, mume wangu anakosa hamu ya kula. Mwaka juzi mimi niliumwa jino siku nne, na nilichoambulia ni, "Pole, mama. Sukutua maji ya chumvi."

Ni mche wa nyanya. Mume wangu anauita Malkia, na mbegu yake ilitoka kwa mama yangu mzazi, kwa hiyo sina hata pa kupeleka mashtaka. Nyanya zake ni tamu, hilo siwezi kulikana. Unakata moja, unanyunyiza chumvi, unasahau kwamba ulikuwa unapika. Tatizo ni ngozi. Mvua ikidondoka kidogo tu zinapasuka zikiwa bado kwenye mche. Binti yetu anaishi mbali, safari ya kutwa nzima, na mara ya mwisho nilipompelekea, gauni langu jipya lilifika ndani ya begi limeshaungwa.

Kwenye ndoo ya pili anaishi Jiwe. Huyu ni nyanya ya sokoni, ile inayodondoka kutoka kwenye lori, ikafutwa vumbi, ikauzwa. Haipasuki wala haiozi, na ladha yake ni ya maji yaliyopita jirani na nyanya. Mume wangu alitaka mtoto wa hawa wawili, mwenye utamu wa Malkia na ngozi ya Jiwe. Alikuwa mwaka wa tatu anawaozesha na ndoa haishiki.

Niseme na yeye ni nani. Kwa miaka arobaini na moja alikuwa fundi wa saa, na mtaani hawamjui kwa jina lingine ila Fundi Saa. Duka lake lilikuwa na upana wa mlango mmoja na nusu, limebanwa kati ya muuza viatu na kinyozi. Mimi ni fundi cherehani, nashonea chumba cha mbele. Miaka mitatu iliyopita alifunga duka ghafla, akawaambia watu macho yamechoka. Macho yake ni mazima. Anamwona mchwa ukutani akiwa amelala kitandani. Kilichochoka ni mkono wa kulia. Nilisikia kikombe kikigonga kisahani, kisha nikaona ameanza kunywa chai kwa bilauri, nikanyamaza. Yeye naye akanyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, ningemwambia hivyo mtu mwingine yeyote, lakini yeye sikuthubutu.

Meza yake ya kazi aliihamishia ukumbi wa nyuma, na vibano vyake vyote, na lenzi ya kubana jichoni, na vile vioo vya saa vya duara alivyokuwa navyo mkebe mzima. Huko ndiko alikoanza habari za nyanya. Alisema ni mchezo wa mstaafu. Mimi nilijua si mchezo. Mtu anayeweza kufungua tumba la ua la nyanya bila kulivunja bado ana mikono ya fundi saa, na asiyeweza hana. Kila jioni ya msimu wa maua alikuwa anajipima, nami namtazama kupitia dirisha la jikoni, naogopa kuliko yeye.

"Ua la nyanya halisubiri mtu, mama," alinieleza mara ya kwanza, lenzi ikiwa jichoni. "Linajioa lenyewe kabla halijafungua mlango. Ukilikuta limefunguka, ujue harusi imekwisha na wageni wamelala."

"Kwa hiyo wewe unamvamia bibi harusi mchana kweupe."

"Namvamia, namtoa bwana harusi, namwingiza mwingine."

"Na unajisifu!"

Kazi yenyewe ni hii. Unachagua tumba litakalofunguka kesho, lile ambalo njano yake bado imefifia. Unalifungua kwa kibano, unatoa kile kipipa kidogo cha njano chenye unga wa kiume, kipande kwa kipande, bila kuugusa unyuzi wa kijani uliosimama katikati, ambao ndio upande wa kike. Ukiugusa umekwisha. Kisha unakwenda kwa Jiwe, unagonga ua lake juu ya kioo cha saa mpaka unga udondoke, unarudi kumpaka Malkia, na unafunga uzi mwekundu kwenye kikonyo ili ujue ni lipi. Uzi mwekundu ulikuwa unatoka kwenye droo yangu, na hakuna aliyewahi kuniomba.

Msimu wa kwanza maua yote yalidondoka. Msimu wa pili aliambulia nyanya mbili, akapanda mbegu, miche ikatoka na majani ya Malkia matupu. Majani ndiyo shahidi. Ya Malkia ni mapana na laini ukingoni, ya Jiwe yana meno kama msumeno, na mtoto wa wote wawili lazima atoke na meno ya baba. Miche ile haikuwa na jino hata moja. Malkia alikuwa amejioa mwenyewe, kama kawaida yake.

"Sisimizi," mume wangu alisema. "Wanaingia kwenye maua wanavuruga."

Mimi nilikuwa nimeshayaokota matumba yaliyovunjika nyuma ya pipa la maji, yamesukumiwa huko na ndara. Sikumuuliza sisimizi hao wanavaa ndara namba ngapi.

Msimu huu wa tatu alifunga nyuzi saba. Ilimchukua jioni nzima. Alipomaliza aliingia jikoni, akakaa kwenye kigoda changu cha kumenyea, mkono wa kulia ameubana katikati ya magoti.

"Mama," akasema, "na safari hii ikikataa, vibano nauza. Hata lenzi nauza."

"Nani atanunua lenzi ya mzee?"

"Nauza," akasema tena. Hakuwa anatania, nami kitunguu kikanisaidia kulia.

Kesho yake asubuhi alitoka kwenda kununua mkate. Mkate wa mume wangu huchukua dakika arobaini, maana lazima kwanza asikilize habari za mtaa mzima. Alipopotea kwenye kona nikachukua lenzi yake nikaenda kwa Malkia. Nyuzi nyekundu saba, zimefungwa vizuri. Nikalitazama tumba la kwanza, unyuzi umekatika. La pili, nusu ya kipipa imebaki ndani, unga wa Malkia mwenyewe umeshamwagika. Nikaendelea hivyo mpaka la sita. La saba, lililoelekea ukutani, lilikuwa safi kabisa, unyuzi umesimama wima na unga wa Jiwe juu yake kama vumbi.

Sisi mafundi cherehani tuna tabia moja, au niseme mimi ninayo. Mteja akiniletea koti lililoharibiwa na fundi mwingine, sipigi kelele. Nafumua, nashona upya, halafu lebo ya yule fundi wa kwanza nairudisha palepale kwenye kola. Mteja anatoka hapa anamsifu fundi wake. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, kwa sababu kugombana na kazi ya mtu ni kupoteza muda wa kushona. Basi na pale nikafanya hivyohivyo. Kwenye kila kishada nilichagua tumba jingine lililo tayari, nikalifungua kwa sindano yangu namba tisa, nikatoa kipipa, nikapaka unga wa Jiwe. Nilikuwa nimemtazama misimu miwili huku nikimcheka, na kumbe kucheka hakumzuii mtu kujifunza. Kisha nikafungua nyuzi zake nyekundu kutoka kwenye matumba yaliyoharibika, nikazifunga kwenye yangu sita. Yaliyovunjika nikayatia mfukoni mwa aproni. Lile la saba sikuligusa.

Akarudi na mkate akanikuta nimeinama.

"Unafanya nini hapo?"

"Nang'oa magugu."

"Kwenye ndoo?"

"Kwani magugu yanachagua pa kuota?"

Mawili kati ya yale yangu yalidondoka. Matano yakashika, manne yangu na lile la ukutani. Mume wangu alikuwa anazihesabu nyanya zile kila asubuhi kama kuna mtu angeziongeza au kuzipunguza usiku. Zilipoiva alikamua mbegu za kila nyanya kwenye bilauri yake, akaziacha zichachuke siku tatu, nyumba ikanuka mpaka mteja mmoja akaniuliza kama paka wetu bado yuko hai. Kisha akazipanda kwenye makopo matano ya maziwa ya unga, akayaandika namba kwa wino mweusi, moja mpaka tano. Nyanya ya ukutani iliangukia kopo namba tatu. Niliweka kichwani.

Siku moja niko kwenye cherehani nikasikia anapiga kelele uani, "Meno! Meno!" Nilitoka mbio nikidhani ya bandia yamemdondoka. Nikamkuta amepiga magoti mbele ya makopo.

"Yana meno, mama! Yote! Angalia hili, angalia na hili! Baba yao ni Jiwe!"

Akanishika mabega, akalia. Nami nililia, siwezi kusema uongo, lakini jicho langu lilikuwa limekwenda kwenye kopo namba tatu. Nalo lilikuwa na meno. Mkono wa mume wangu, na kutetemeka kwake kote, ulikuwa umeifanya kazi ile sawasawa. Lile kopo moja lilinifurahisha kuliko manne yangu, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa ya siku nne. Siku ya kwanza alirudia kunywa chai kwa kikombe, kinagonga kisahani na yeye hajali. Siku ya pili alimpigia simu binti yetu. "Mkono umerudi," nikamsikia anasema, na ndiyo mara ya kwanza alikiri kwamba uliwahi kuondoka. Siku ya tatu alikwenda kwa kinyozi akamweleza habari za meno mpaka mteja aliyekuwa kitini akanyolewa upande mmoja zaidi. Siku ya nne akaja Mkunga.

Mkunga ndiye aliyewapokea watoto wangu wote watatu. Sasa amestaafu, lakini mtaani bado hapitwi bila kusalimiwa. Alifungua leso, ndani mna saa ya kubandika kifuani, ile inayoning'inia kichwa chini ili aivaaye asome kwa kuinama. Ilikuwa ya mama yake, mkunga kama yeye. Ilikuwa imesimama kwa miezi minne, na mafundi wawili walimshauri anunue mpya.

"Fundi, kinyozi ameniambia umerudi kazini," akasema. "Sikuwa na mwingine wa kumpa hii."

Mume wangu aliipokea kwa mikono miwili. "Kesho asubuhi naifungua, dada."

Ndani ya saa kama ile kuna springi nyembamba kama unywele, nimeambiwa habari zake miaka thelathini na nane mezani, ikipinda haina dawa, na ya kubadilishia haipatikani tena. Nilikuwa nimemvika mume wangu kilemba cha ukoka nikidhani atakivaa hapahapa nyumbani.

Mkunga alipoondoka, nilimkuta ukumbini anasafisha vibano kwa spiriti. Sikukaa, kwa kuogopa kwamba nikikaa sitasema.

"Mzee, usiifungue saa ya Mkunga."

"Kwa nini?"

"Mkono wako haujapona."

Akacheka. "Mama, makopo yana meno. Umeyaona mwenyewe."

"Ni mimi," nikasema. "Asubuhi ile ya mkate. Yako yalikuwa yamevunjika. Nilifanya mengine kwa sindano, nikahamisha nyuzi."

Akaweka kibano mezani, taratibu, sambamba na vingine. Kilitoa mlio mdogo mara tatu nne kabla hakijatulia.

"Yote?"

"Manne. Namba tatu ni lako. Sikuligusa."

"Namba tatu." Akatabasamu tabasamu ambalo silipendi. "Mama, ungesema yote ni yako ingekuwa heshima zaidi. Sasa unanitupia na mfupa."

"Si mfupa! Ni kweli! Lilikuwa safi, nililiona kwa macho yangu!"

"Na yale manne uliyoniacha nilie juu yake, yalikuwa nini?"

Mimi huwa sikosi jibu. Wateja wanaochelewa kuchukua nguo zao wanajua. Pale nikabaki kufuta mikono kwenye aproni, nayo ilikuwa mikavu.

"Nilikuwa nashindwa," akasema, hata sauti hakupandisha. "Kushindwa kwenyewe kulikuwa kwangu. Ukaninyang'anya hata huko."

"Niliogopa. Tangu unioe nimekuona unaweza. Kukuona huwezi sijui kunakuwaje, sikuwahi kujifunza."

Akaifunga saa ya Mkunga kwenye leso yake, akaiweka katikati ya meza, akatoka uani.

Siku mbili zilizofuata alikuwa na adabu. Angenuna ningejua pa kumshika, kununa kwake nina uzoefu nako. Lakini alisema, "Asante, nimeshiba." Alisema, "Samahani, naomba nipite." Katika nyumba yetu hakuna mtu anayeomba kupita, tunasukumana. Nilimshonea mteja mkono wa kulia kushoto, nikafumua, nikaurudisha palepale. Nilimkasirikia yeye kwa kulikataa neno langu moja la kweli, halafu najikumbusha nani alilichanganya na uongo, nakasirika upya na sijui nimshike nani. Kilichoniuma zaidi hakikuwa hata mimi. Mzee wa watu ameshinda mara moja, kwa mkono wake, na hajui kwamba ameshinda. Leso ile ilibaki mezani bila kufunguliwa.

Siku ya tatu alivaa shati la kola.

"Mama, vaa viatu. Tunakwenda kwa Mkunga."

Alitia leso mfuko wa shati. Mimi akanipa kikapu nibebe, kimefunikwa gazeti, kizito kidogo. Alitangulia mbele, nami sikuthubutu kuchungulia. Nilijua tu kwamba safari hii lolote litakalosemwa, silifumui.

Tulimkuta Mkunga mlangoni kwake anakunja mashuka yaliyokauka. Tulisalimiana, akataka kutuletea viti, mume wangu akasema asisumbuke. Akatoa saa. Mkono ukawa unatetemeka hata cheni ndogo ya saa ikawa inalia, na hakuurudisha mfukoni wala hakuushika kwa mwingine. Aliuacha hivyo mbele yetu sote wawili.

"Dada, nimekurudishia. Sijaifungua. Mkono wangu unatetemeka, mwaka wa tatu huu. Nilikuwa nawaambia watu ni macho."

Sikuwahi kulisikia neno lile kinywani mwake. Mkunga hakupokea saa. Aliupokea mkono na saa ikiwa ndani, akaushika kwa mikono yake miwili, kidole kimoja kikatafuta mshipa kwa mazoea.

"Umemwona daktari?"

"Bado."

"Jumatatu. Nitakupitia mwenyewe."

"Haya," akasema mume wangu, mpole kabisa. Mimi nimemsihi aonyeshe jino lake mwaka mzima bila kupata hiyo haya.

"Nimekuletea na miche," akaendelea. Akafunua gazeti kwenye kikapu changu. Mlikuwa na makopo mawili. Akalitoa la kwanza, akaliweka kizingitini. "Hii ni nyanya mpya, mtoto wa nyanya tamu na nyanya ngumu. Bado si yenyewe, watoto wake ndio watakaochaguliwa, miaka mitano sita huko. Hili namba moja amelifanya mke wangu. Kwa sindano ya kushonea, dada, bila kufundishwa. Kazi safi, mimi mwenyewe sijapata kuifanya hivyo."

Nikainamisha kichwa. Akaingiza mikono yote miwili kwenye kikapu akalitoa la pili. Miche ilikuwa inatetemeka pamoja naye, kila jani, na alichukua muda kulifikisha chini bila kumwaga udongo. Hakuna aliyemsaidia.

"Na hili namba tatu," akasema, "nimelifanya mimi."

Hakunitazama. Alikuwa hana ushahidi wowote duniani isipokuwa mimi, na mimi nilishamdanganya mara nne. Machozi yalinitoka palepale mlangoni kwa watu, wala sikuyafuta.

Mkunga alichuchumaa, akasogeza makopo yakae pamoja, akayageuza majani ya hili na ya lile.

"Sasa Fundi," akauliza, "haya mawili yana tofauti gani?"

"Hayana," mume wangu akamjibu.